Picha zangu za wapanda fahali zinatoka kama mtu kakaa juu ya ng'ombe anayesubiri josho. Tatizo nini?

#1 Kijana wa Irving
Wakuu, salaam. Nipo Texas, napiga picha za harusi, send-off na kipaimara za Waafrika wenzetu wa huku, ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba. Majira haya ya joto nimeanza kwenda Mesquite, pembeni ya Dallas, kupiga rodeo, yale mashindano ya wachunga ng'ombe. Farasi hawanisumbui, na zile mbio za akina dada za kuzunguka mapipa zinatoka safi. Kinachonishinda ni wapanda fahali.

Ukiwa ukumbini unaona kabisa kuwa mtu anapigania roho yake. Dume linatoka kizimbani, linarusha miguu, linazunguka, udongo unaruka mpaka viti vya mbele. Nikifika nyumbani nikafungua picha, naona mtu kakaa mgongoni, mkono mmoja juu, ng'ombe miguu yote minne chini. Mke wangu kaziangalia akauliza, "Huyu anasubiri zamu ya josho?"

Lenzi ni 70-200 ya f/2.8, shata inafunguka sehemu 1/2000 ya sekunde, ISO 6400, fremu kumi kwa sekunde. Nakaa jukwaani safu za juu. Picha ni kali, hata nywele za mkia unazihesabu. Wanakaa juu sekunde kumi, kwa hiyo muda wa kupiga upo. Nikosoeni.

#2 Lenzi Kavu
Sekunde nane mkuu, siyo kumi. Na hizo nane ni kwa anayefanikiwa, wengine wapo chini kabla hujashusha pumzi. Saa inaanza bega au nyonga ya fahali inapovuka mstari wa geti, siyo pale mpandaji anapotikisa kichwa kuomba afunguliwe.

Sasa jibu lako: shata. 1/2000 imeua kila kitu. Umemgandisha mnyama mpaka kwato, mtazamaji atajuaje kama alikuwa anaruka? Shuka 1/60, hata 1/40, umfuate mpandaji kwa kamera. Mwili wa fahali utavutika, udongo utakuwa michirizi, kichwa cha mtu kitabaki kinasomeka. Hapo ndipo fujo inaonekana.

#3 Chakubanga wa Mbagala
Naweka mkeka hapa. Sijui rodeo, sijui kamera, ila ile ya josho nimeielewa vizuri sana.

#4 Mzee wa Filamu
Lenzi Kavu, unampeleka kijana porini. Kumfuata mnyama kwa shata ya polepole kunafaa baiskeli, gari, farasi wa mbio, yaani kitu kinachokwenda upande mmoja. Fahali haendi popote. Anapanda, anashuka, anajipinda, anazunguka palepale. Utamfuata kuelekea wapi? Utapata picha mia za ukungu, na moja ambayo utajidanganya ni sanaa.

Nilipiga mpira wa miguu kwa filamu za fremu 36 gazetini Dar, na somo lake ni hili: kama umeliona tukio ndani ya kioo cha kamera, hukulipata. Fahali ana mapigo. Mbele inashuka, miguu ya nyuma inarushwa, halafu inatua, halafu tena. Picha ipo pale miguu ya mbele imekita ardhini na ya nyuma imenyooka hewani hadi mwisho. Huo ni upenyo wa sehemu ya kumi ya sekunde, pengine chini yake. Fremu zako kumi kwa sekunde zinaweza kupishana nao kila mara, moja kabla na moja baada, na zote mbili zikakuonyesha ng'ombe kasimama. Acha kubonyeza kama cherehani. Mtazame, shika mapigo yake, bonyeza kabla.

Na usidhani haiwezekani. Ralph Doubleday alikuwa akipiga rodeo tangu miaka ya 1910, kwa kamera za enzi hizo, na postikadi zake ziliuzwa Marekani nzima. Hakuwa na fremu kumi kwa sekunde.

#5 Kijana wa Irving
Shikamoo Mzee. Nimekupata, ila nikijaribu kubonyeza kabla napata mkia tu.

#6 Mzee wa Filamu
Marahaba. Mkia ni mwanzo mzuri, maana yake unawahi.

#7 BukavuFW
Jambo bandugu. Mimi niko Fort Worth, nilifanya kazi ya usafi na ya kusawazisha udongo kwenye uwanja mmoja wa rodeo, kwa hiyo hii mambo niliiona kila wiki kwa macho yangu, karibu kabisa.

Mleta uzi amejibu swali lake mwenyewe: "nakaa jukwaani safu za juu". Ukiwa juu, nyuma ya ng'ombe unaona udongo tupu. Hata akiruka mita moja, kwato zake kwenye picha ziko juu ya udongo, jicho linasema amesimama. Shuka chini. Piga magoti kwenye uzio, kamera iwe usawa wa goti la ng'ombe. Sasa nyuma yake ni watu na taa, na chini ya tumbo lake unaona hewa. Hiyo hewa ndiyo picha. Shata yenu mtabishana nayo mpaka kesho.

Na vyuma vya uzio visikutishe. Fungua tundu la lenzi lote, sogeza kioo karibu kabisa na chuma, chuma kinapotea. Ila toa kamera haraka ng'ombe akija upande wako, uzio ule ukipigwa unarudi nyuma.

#8 Lenzi Kavu
> Mzee wa Filamu: Fahali haendi popote. Utamfuata kuelekea wapi?

Mzee wangu, kwa heshima zote, humfuati fahali. Unamfuata mtu. Angalia wapandaji wakubwa: kidevu kimebanwa kifuani, macho yapo kwenye mabega ya mnyama, kiuno kinacheza lakini kichwa kinatulia mno. Mpandaji mbovu kichwa kinarushwa huku na huku. Ndiyo maana kwa 1/60 mpandaji mzuri anatoka anasomeka na mbovu anatoka uji. Shata ya polepole inakuonyesha hata nani anajua kazi. Ya 2000 inawafanya wote walingane.

#9 Mwana Isukha
Niko Kakamega, niruhusiwe kuongea kama mtu wa mafahali. Kwetu Isukha na Idakho mafahali wanapigana wenyewe kwa wenyewe, hakuna mtu anapanda. Vita ni asubuhi mapema, wanaletwa na ngoma za isukuti na umati unakimbia nao. Nimepiga hizo picha tangu nikiwa na kamera ya kuazima.

Naongeza sababu ambayo hamjataja: uso. Picha ya mafahali wawili imelala kama hakuna jicho la hata mmoja. Sasa huyo wenu ana kofia pana, taa ziko juu, uso wote giza. Ukikosa uso umebaki na nguo iko juu ya ng'ombe. Ngoja azunguke akuelekee, hapo ndipo upige. Fahali anayezunguka anakupa uso kila mzunguko, kwa hiyo subiri.

#10 Chakubanga wa Mbagala
Mpaka sasa tatizo ni shata, ni muda, ni urefu wa jukwaa, ni uso. Bado mtu mmoja aseme ni mke.

#11 Fundi Umeme Dom
Mleta mada, swali pembeni. Kwenye hizo picha, kuna fremu zinatoka za njano au giza, halafu inayofuata iko sawa, na hukugusa kitu?

#12 Kijana wa Irving
Zipo! Karibu theluthi nazitupa kwa sababu hiyo. Nilidhani kamera inakufa.

#13 Fundi Umeme Dom
Kamera yako nzima. Ni taa. Umeme wa Marekani ni hezi 60, kwa hiyo taa za kumbi za zamani zinapanda na kushuka mara 120 kwa sekunde. Jicho halioni. Ukipiga 1/2000 unachukua kipande kidogo sana cha wimbi, pengine kileleni, pengine bondeni ambako mwanga ni hafifu na rangi nyingine. Kwetu ni hezi 50, mara 100, kwa hiyo kumbi za harusi Dodoma nazo zina ugonjwa huohuo, ila wewe harusini unatumia fleshi, hukuuona.

Kamera nyingi za sasa zina mpangilio wa kupambana nao: kamera inasubiri kilele ndipo inafyatua. Uwashe. Gharama yake ni kwamba mfyatuo unaweza kuchelewa chembe, na kwa hesabu ya Mzee chembe hiyo ndiyo miguu ya nyuma. Huenda ulikuwa unabonyeza sawasawa muda wote, na nusu ya zile nzuri zilitupwa kwa sababu ya rangi. Hiyo ni nadharia yangu, ya tano kwa hesabu ya Chakubanga.

#14 Bi Shadya
Kwa nini asitumie fleshi tu, shida zote ziishe?

#15 Lenzi Kavu
Fleshi ya juu ya kamera kutoka pembeni ya uzio? Utafukuzwa na utastahili.

#16 BukavuFW
Inategemea uwanja. Kuna pahali nimeona taa kubwa za fleshi zimefungwa juu kabisa kwenye mabati ya dari, zinawaka zote pamoja na kamera ya mpiga picha wa nyumba. Ng'ombe hata hawajali. Lakini mtu wa jukwaani akiwasha yake, wasimamizi wanakuja.

#17 Dr Mifugo Moro
Nichangie kama daktari wa mifugo. Ng'ombe ana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga, ndilo linalofanya macho yake yang'ae usiku ukimmulika. Linamsaidia gizani, na kwa hiyo mwanga wa ghafla kwake ni mkali kuliko kwako. Halafu anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja. Fleshi ya pembeni, usawa wa macho, hasa akiwa bado kizimbani na mtu mgongoni, mimi singeiruhusu. Akianza kuruka sidhani kama inambadilishia chochote, ana shughuli kubwa zaidi.

#18 Mkulima Mtandaoni
Dokta tuambie ukweli. Hao ng'ombe wanafungwa kamba kwenye korodani ndiyo maana wanaruka. Kupiga picha za mateso na kuita sanaa ni laana.

#19 Dr Mifugo Moro
Hapana. Mkanda unafungwa kiunoni, mbele ya miguu ya nyuma, na haugusi korodani. Ukibana sana mnyama hasogei vizuri, kwa hiyo hata anayetaka ushindi hana faida ya kuukaza. Unamkera, anarusha miguu auondoe. Na mafahali hawa wamezalishwa kwa ukoo wa warushaji, wengine wana thamani kubwa kuliko trekta lako. Kengele unayoisikia iko chini ya tumbo kwenye kamba anayoshikilia mpandaji, kazi yake ni uzito wa kuiangusha kamba akiachia.

Kama ni haki kumfanyia mnyama hivyo, hilo ni swali jingine na sijalijibu.

#20 Mkulima Mtandaoni
"Unamkera". Haya. Nimesikia.

#21 Mpemba Asilia
Assalaam alaykum. Nyie mnasema fahali kama kwamba ni wa Texas peke yake. Kwetu Pemba mchezo wa ng'ombe upo tangu zama, na wengi husema ni alama ya Wareno. Ng'ombe hatiwi kisu, hapandwi. Anafungwa kamba, wachezaji wanamchokoza kwa kitambaa, zumari na ngoma zinapigwa, wanawake wanaimba. Akikukimbilia unatafuta mti.

Kupiga picha kule Kengeja nilijifunza kitu: usimtazame ng'ombe, sikiliza zumari. Mpigaji humfuata ng'ombe kwa macho, na akiona anajikusanya hupandisha sauti. Sikio linakwambia kabla ya jicho. Huko Mesquite hakuna mtu wa namna hiyo?

#22 BukavuFW
Yupo! Mtangazaji, na jamaa wa muziki. Lakini wao wanachelewa, wanapandisha sauti wakati mambo yamekwisha tokea. Sikiliza kengele. Dr amesema iko chini ya tumbo, sasa kila mruko inagonga. Hiyo haichelewi.

#23 Mzee wa Filamu
Mpemba na Bukavu, hayo ndiyo mapigo niliyosema huko juu. Sikujua kengele ipo. Nimefurahi.

#24 Gwiji la Picha
Nimesoma uzi wote nacheka tu. Mwaka gani huu? Nunueni kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), zipo zinazoanza kurekodi kabla hujabonyeza. Unashika kitufe nusu, inahifadhi fremu za nusu sekunde iliyopita, miguu ikiruka unabonyeza, unarudi nyuma kuchagua. Kengele na zumari za nini?

#25 Lenzi Kavu
Na angalia shata ya kielektroniki ya baadhi ya hizo kamera: inasoma picha mstari kwa mstari, taa za Fundi Umeme zinakuwa mistari ya pundamilia, na pembe za fahali zinapinda. Zile za bei kubwa zimelitatua, lakini kijana anapiga kipaimara, hajauza shamba.

#26 Mzee wa Filamu
Gwiji, ukishapiga fremu zote za jioni nzima, ni nani anakaa kuzichagua usiku? Na anajuaje ipi ni ipi kama hakujifunza kutazama?

#27 Gwiji la Picha
Anachagua anayelipwa, Mzee.

#28 Kijana wa Irving
Asanteni wote. Swali la pili: mpandaji akishika kwa mkono wa kulia, nikae upande gani? Uwanjani walinipa majibu mawili tofauti.

#29 Mwana Isukha
Upande wa mkono ulioshika. Ule wa hewani ukiwa upande wako unaziba uso kila ukishuka.

#30 BukavuFW
Mimi nasema kinyume. Upande wa mkono huru ndio unaopata mkono umefunguka wote, kifua kinaonekana, picha inapumua. Uso ukizibwa fremu moja, inayofuata imefunguka. Ila kwanza kabisa uliza geti linafunguka kwenda wapi. Kuna upande ambao geti likifunguka linakuziba wewe kabisa, unapiga mbao.

#31 Bi Shadya
Hivi hii michezo si ya wazungu tupu? Unajisikiaje mweusi peke yako na kamera shingoni?

#32 Mwanafunzi wa Houston
Bi Shadya, si ya wazungu tupu hata kidogo. Bill Pickett, mtu mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1870, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mchezo wa kuruka kutoka kwenye farasi na kumwangusha ng'ombe kwa pembe. Kuna rodeo inayozunguka miji kwa jina lake tangu 1984, na washindani wake ni weusi. Myrtis Dightman wa Crockett, Texas, mpanda fahali mweusi, alifungua njia miaka ya 1960, wakati baadhi ya viwanja vilimwacha apande baada ya watazamaji kuondoka. Charlie Sampson akawa bingwa wa dunia wa kupanda fahali mwaka 1982, mweusi wa kwanza. Mwaka uliofuata, kwenye rodeo iliyofanyika mbele ya Rais Reagan, fahali akamvunja mifupa ya uso, na hakuacha.

Kijana, nenda hiyo ya Bill Pickett ikipita karibu. Jukwaa lenyewe ni nusu ya picha: kofia, sketi, watoto, nyama choma yao ya huku. Umekazana na ng'ombe tu.

#33 Mpemba Asilia
Na Wabrazili usiwasahau. Adriano Moraes alichukua ubingwa wa PBR, ligi ya kulipwa ya wapanda fahali, mara tatu. Barretos huko kwao wana uwanja uliochorwa na Oscar Niemeyer, yule yule wa majumba ya Brasília.

#34 Chakubanga wa Mbagala
Mpemba unayajuaje haya yote?

#35 Mpemba Asilia
Nimeishi Muscat usiku mwingi bila kazi, intaneti ipo.

#36 Mzee wa Filamu
Alichosema Mwanafunzi kuhusu jukwaa nakiunga mkono. Tena yupo mama mmoja, Louise Serpa wa Tucson, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa na chama cha rodeo kuingia ndani ya uwanja na kamera, mwaka 1963. Ukiwa ndani, mbele ya kwato, BukavuFW yuko sahihi kuliko sisi wote. Lakini mleta uzi asijaribu. Kule ndani wanaingia wanaojua kusoma ng'ombe, na rodeo zilizo chini ya PRCA, chama cha rodeo za kulipwa, zina wapiga picha wenye kadi zao.

#37 Daktari wa Zamu
Niulize jambo ambalo limenikaa. Mtu akianguka mnapiga au mnashusha kamera?

#38 Lenzi Kavu
Unapiga. Uamuzi wa kuitoa unakuja baadaye.

#39 Mwanafunzi wa Houston
Magazeti yanataka kuanguka. Mpandaji mwenyewe hanunui picha akiwa kichwa chini. Anataka ile ya sekunde ya sita, mgongo umenyooka, kidevu chini, mkono huru, ya kumpa mama yake. Kwa hiyo amua kwanza unampigia nani, maana ni picha mbili tofauti na huwezi kuzisubiri zote kwa akili moja.

Kuhusu ajali: mpanda fahali Lane Frost alikufa kwenye rodeo ya Cheyenne tarehe 30 Julai 1989, akiwa na miaka 25, na alikuwa ameshamaliza sekunde zake nane. Alishuka salama, fahali akarudi akampiga mgongoni. Kifo hicho ndicho kilichomsukuma rafiki yake Cody Lambert kutengeneza fulana ya kinga unayoiona leo kwa kila mmoja. Kwa mpiga picha maana yake king'ora cha sekunde ya nane kikilia usitazame skrini. Wengi huumia hapo, na wale walinzi wanaojitupa kati ya fahali na mtu hufanya kazi yao kubwa hapo. Picha yao haipigwi na mtu.

#40 Daktari wa Zamu
Asante. Hilo la walinzi sikulijua.

#41 Mwana Isukha
Na helmeti? Naona wengine wako na kofia, wengine helmeti na vyuma usoni.

#42 Mwanafunzi wa Houston
PBR waliweka kanuni mwaka 2013: aliyezaliwa tarehe 15 Oktoba 1994 au baada ya hapo lazima avae helmeti. Kwa hiyo kofia zinazidi kuzeeka na kupungua.

#43 Mwana Isukha
Basi nadharia yangu ya uso imepata mafua. Vile vyuma kamera inavifokasi badala ya macho.

#44 BukavuFW
Kijana, kabla ya mafahali nenda mchana, watoto wanapanda kondoo. Wana miaka mitano, sita, na helmeti kubwa kuliko mabega. Mapigo yale yale, polepole kidogo. Utajifunza kubonyeza.

#45 Chakubanga wa Mbagala
Kutoka kipaimara hadi kondoo. Kazi zinapanda.

#46 Kijana wa Irving
Wakuu nimerudi kutoka uwanjani. Nilishuka kwenye uzio, nikawasha ile ya Fundi Umeme, nikasikiliza kengele, nusu ya usiku nikapiga 1/1000 na nusu nyingine 1/40. Nimeambatisha moja, hii ni ya 1/40. Jamaa alimaliza nane, akapewa alama 84 kati ya 100.

#47 Lenzi Kavu
NDIYO. Tazama kichwa kilivyotulia na bega la dume lilivyoyeyuka. Nilisema.

#48 Mzee wa Filamu
Naona kitambaa cha kudekia chenye kofia. Weka ya 1/1000.

#49 Fundi Umeme Dom
Rangi imetulia. Mimi nimeridhika, mengine ni yenu.

#50 Mwanafunzi wa Houston
Subirini. Kuzeni picha hapo kwenye mkono huru. Mbona umegusa shingo ya fahali? Mkono huru ukigusa mnyama au mwili wako kabla ya nane, unapewa sifuri. Huyu kapewaje 84?

#51 Gwiji la Picha
Umegusa kabisa. Majaji wamelala.

#52 BukavuFW
Haujagusa. Lenzi ya 200 inabana vitu, mkono uko mbele ya shingo kwa nusu mita na unaonekana umelala juu yake. Jaji alikuwa upande mwingine, ameona nafasi.

#53 Lenzi Kavu
Kwa 1/40 mkono umesafiri ndani ya fremu. Inawezekana ulipita karibu, usiguse. Ukungu hauwezi kuwa shahidi.

#54 Mzee wa Filamu
Nilisema. Ungepiga 1/2000 tungejua.

#55 Dr Mifugo Moro
Ngozi ya shingo inaonekana imekunjana pale. Ng'ombe akiguswa hukunja ngozi. Lakini akipinda shingo pia inakunjana, kwa hiyo siapi.

#56 Mkulima Mtandaoni
Hata mimi nimekuza picha. Umegusa.

#57 Daktari wa Zamu
Weka fremu inayofuata au iliyotangulia tuone mkono ulitoka wapi.

#58 Kijana wa Irving
Iliyotangulia ninayo ila mkono haumo, nimekata fremu kwenye kiwiko. Inayofuata ana miguu chini tayari.

#59 Bi Shadya
Harusini pia unakata watu viwiko? Nauliza kwa sababu mdogo wangu anaolewa Dallas mwezi wa kumi na alikuwa anatafuta mtu.

#60 Kijana wa Irving
Dada njoo PM.